Ndege wa Upande wa Pili wa Daftari

Bi Maimuna alizikwa Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri, nami nikafika kwao saa kumi alasiri, nimechelewa kwa saa tatu na kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya kukaa nilihesabu viatu mlangoni: jozi arubaini na moja. Nikarudia, nikapata arubaini, kwa kuwa mzee mmoja alivaa vyake akaondoka nikiwa katikati ya hesabu. Wanaume walikuwa wameketi kichochoroni chini ya turubali, kahawa ikizungushwa, na aliyekuwa kando yangu akaniuliza, kwa adabu ya mtu anayetaka kujua ulikula chumvi ya nani, “Weye na marehemu mlijuana wapi?” Nikamwambia tulifanya kazi pamoja, tukihesabu ndege. “Wa kula?” Nikasema hapana, wakavu, wa kutazamwa. “Ahaa,” akasema, akamgeukia mwenziwe wakaendelea na habari za bei ya mbuzi. Sikumlaumu. Hata sisi tulioifanya ile kazi hatukuwatazama vya kutosha.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na saba na kibanda cha picha Tononoka, karibu na shule, ukubwa wake hatua nne kwa tatu. Nilipiga picha za vitambulisho. Nilikuwa na shuka moja nyeupe, taa mbili, na sifa moja tu mjini: nilikuwa mpiga picha anayeweza kumfanya mtoto anayelia atazame mbele. Siku moja akaingia Bwana Mutua, mtu wa bara, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, akataka picha nne za pasipoti. Tulipatana bei kwa dakika kumi, akanishinda kidogo, nikamheshimu. Akasimama akiniangalia ninavyoifuta shuka vumbi kabla ya kila mteja, kisha akasema, “Wewe kijana, unaweza kupiga picha kitu ambacho kimekufa?” Nikamwambia wateja wangu wengi hutoka hivyo hivyo. Hakucheka. Aliniambia ofisi yake kuu imeamua kila kitu cha asili kilichohifadhiwa mikoani kipigwe picha na kuingizwa kwenye kompyuta, ili mtu popote alipo duniani akione bila kuja. Kamera nzuri ingeletwa, nayo ina tarehe ya kurudi.

Vitu vyenyewe vilikuwa ghorofani katika nyumba moja ya Mji wa Kale. Si ile ngome wanayokwenda wageni, nyumba tu, ngazi kumi na tisa, kona, halafu kumi na saba. Daktari mmoja wa meno alikuwa amekusanya maisha yake yote, akafa bila mrithi anayetaka harufu ile, na nyumba ikabaki mikononi mwa kamati ambayo sikuwahi kuiona ikikutana. Vyumba vilikuwa vitatu, vimepangana kama shanga. Cha kwanza kilikuwa cha makombe ya baharini, kwenye makabati ya mninga yenye droo nyembamba. Cha pili kilikuwa cha chupa, samaki na kaa ndani ya spiriti iliyogeuka rangi ya chai ya rangi. Cha tatu, kile chenye dirisha la kutazama uani na dari yenye boriti nyeusi, kilikuwa cha ndege. Huko ndiko alikokaa Bi Maimuna, kwenye kiti cha ukili, na kanga yake, na birika la kahawa tungu, na bakuli la vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo ambalo wiki ya kwanza nusura nilidhanie peremende. Alianza kwa Daktari kama mfagiaji. Akawa mtu wa kushika taa, kisha wa kushika kisu, kisha wa kushika funguo. Daktari alipokufa hakuna aliyemwambia aendelee wala aache, naye akaendelea.

Siku ya kwanza Bwana Mutua alimweleza kuhusu kompyuta na watu wa duniani watakaoona bila kuja. Bi Maimuna alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na huyo asokuja, atanusaje?” Bwana Mutua akasema, “Mama, hiyo bado.” Akasema, “Basi mwambieni aje.” Lakini alitupikia siku hiyo hiyo. Kila siku saa nne kulikuwa na mahamri na mbaazi za nazi juu ya meza ya makombe, na sahani ya nne, ambayo haikuwa ya mtu. Niliihesabu mara mbili nikamuuliza. “Ya Daktari,” akasema. Kisha, alipoona uso wangu: “Si mzuka, mwanangu. Ni mazoea. Kula weye, isije ikapoa.” Nikala ya Daktari kila siku kwa muda wote wa kazi. Nilikuwa mwembamba nilipoanza.

Nilihesabu vyote kabla ya kupiga picha hata moja. Makombe elfu mbili mia nane na sabini. Chupa mia mbili. Ndege mia mbili na kumi na wawili. Nikarudia, hesabu ikasimama pale pale, na Bi Maimuna aliyekuwa akinifuata nyuma na funguo akasema, “Wewe wafaa kuwa mkaguzi wa mizigo bandarini.” Kisha nikahesabu siku. Tukitoa Jumapili za Bwana Mutua, Ijumaa zangu za mchana, na siku za stima kukatika, nilipata siku mia moja na sitini na tano kabla ya kamera kurudi. Makombe ishirini kwa siku. Kombe halihitaji kubembelezwa. Chupa kumi. Ndege kumi na wawili, maana kila mmoja alitaka picha tatu, mgongo, tumbo na ubavu, na kumnyanyua ilikuwa kama kumnyanyua mtoto wa siku saba. Makombe siku mia moja arubaini na nne, chupa ishirini, jumla mia moja sitini na nne. Ilibaki siku moja. Ndege walitaka siku kumi na nane.

Ofisi kuu ilikuwa imetaka vitu elfu tatu. Bwana Mutua alikuwa na karatasi iliyopigwa muhuri iliyosema nini kitangulie. Vitangulie vilivyoandikwa kwenye rejista, na kati ya hivyo, vinavyoharibika viwe mbele ya visivyoharibika. Visivyokuwa na rejista vingoje mwisho, na hata vikipigwa picha visihesabiwe katika zile elfu tatu. Karatasi ile haikuwa ya kijinga. Nimeisoma mara nyingi tangu hapo na bado naona aliyeiandika alikuwa mtu mwenye akili, ambaye hakuwahi kupanda zile ngazi. Bwana Mutua akalichukua daftari la Daktari, kubwa, jalada jekundu, akalifungua mwanzo. Makombe yote yalikuwemo, kwa mwandiko wa kidaktari. Chupa zote. Kisha kurasa tupu. Akazifunua kama kumi hivi, tupu, tupu, akalifunga. “Na hii ndege, Mama? Namba iko wapi?” Bi Maimuna akaonyesha miguu ya ndege, kila mmoja amefungiwa kikaratasi kwa uzi. Bwana Mutua akainama, akaona michoro. “Hii si namba.” “Ni namba,” akasema Bi Maimuna. “Rejista iko wapi?” “Hilo hapo mkononi mwako.” Bwana Mutua akatazama tena kurasa zake tupu, akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. Na Bi Maimuna, ambaye alikuwa na kiburi cha kimyakimya kuliko watu wote niliowajua, alirudi kwenye kiti chake. Hakuzoea kuomba asadikiwe.

Mimi nilimsadiki Bwana Mutua kwa wiki tano. Kisha siku moja Bi Maimuna alikuwa chumba cha pili akisali adhuhuri, na kitambaa changu cheusi cha nyuma kilikuwa kimejikunja, nikatafuta kitu kizito cha kukilalia. Nikalichukua daftari, likaniponyoka, likaanguka wazi kwa jalada la nyuma. Kurasa zilikuwa zimejaa. Daktari alikuwa ameandika kutoka upande wake, kushoto kwenda kulia, na Bi Maimuna aliligeuza daftari lile lile akaanza kutoka upande wake, kulia kwenda kushoto, maneno ya Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, kama walivyofundishwa mabanati, wasichana wa rika lake, katika chuo cha Kurani. Wangekutana katikati kama wangeishi vya kutosha. Mimi nilikwenda chuo miaka sita na fimbo zake. Nilisoma bila shida. Mstari wa kwanza ulisema: Nawaandika hawa ndege wadogo wa kisiwa kabla kunguru hawajawamaliza. Kisha mmoja mmoja, kwa namba. Chozi, dume, Makadara, ameletwa na watoto wa chuo, paka alimtangulia. Shore, ameanguka uani kwetu siku ya kuamkia Idi. Mdiria, amegonga kioo cha benki, kioo kimepona. Pugi, Kizingo, nimemuona akifa. Mia mbili na kumi na wawili, miaka ishirini na minne, tarehe kwa tarehe, mtaa kwa mtaa. Nilihesabu mara mbili nikiwa nimepiga magoti. Alipotoa salamu kumaliza swala yake nililirudisha daftari mahali pake, jalada la Daktari juu.

Nilikusudia kumwambia Bwana Mutua siku hiyo hiyo. Alikuwa ameniambia tukutane jioni Mama Ngina, ufukweni, tukakaa juu ya ukuta na muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, watu wakipita na watoto wao na mabaluni. Alikuwa mtu mwema, alikuwa akinisogezea vipande vikubwa. Simu yake ikalia, akasimama pembeni, lakini upepo ulikuwa upande wangu. “Kijana ni mzuri,” alisema. “Akifikisha elfu tatu nakuja naye Nairobi, kazi ya kudumu. Asipofikisha, sina cha kumtetea nacho.” Akarudi, akaketi, akasema, “Unataka kuniambia kitu?” Wakati wa kutafuna kipande kimoja cha muhogo nilikuwa nimekwisha piga hesabu. Rejista ikijulikana, ndege watatangulia, maana wanaharibika. Siku kumi na nane zao, ishirini za chupa, zinazobaki za makombe, jumla ya vyote ni elfu mbili mia tisa hamsini na mbili. Nikapiga tena. Ilipungua arubaini na nane. Nikamwambia, “Pilipili imezidi.” Hilo ndilo lote nililosema. Nimewahi kumdanganya mteja kwamba picha imetoka vizuri, nimewahi kumuuzia mtu betri iliyolala. Ule ulikuwa muhogo tu, na pilipili kweli ilizidi.

Masika ilipokuja paa lilivuja, na lilivuja chumba cha ndege, si cha makombe. Tulihamisha droo kumi na moja kwenda chini ya ngazi, sisi watatu, shati la Bwana Mutua limepoteza makali yake. Bi Maimuna alikuwa akiziinamia droo na kuzinusa moja moja. Kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaanza kupatana. Sikuwahi kumsikia akipatana. “Bwana Mutua, nipe siku ishirini.” “Mama, siku sina.” “Kumi na tano. Hayo makombe yamekaa miaka mia, yatakaa mia tena, yana haraka gani?” “Mama, si mimi. Ni karatasi.” “Kumi. Nitamwamsha huyu mwanangu alfajiri, tutaanza kabla ya jua.” “Hazina rejista.” “Nimekwambia ipo!” Akanigeukia. “Athmani, mwanangu, weye ulikwenda chuo. Mwambie.” Sasa, kuna njia nyingi za kumwambia mtu uongo bila kusema neno, na mimi muuzaji nazijua zote. Nilijifanya nafuta lenzi. Nikasema, “Bi Maimuna, mimi kazi yangu ni picha.” Mvua ikaendelea. Bwana Mutua akasema, kwa sauti ya chini, “Kuna siku moja ya ziada. Nakupa hiyo. Hawatahesabiwa, lakini wapigwe.” Bi Maimuna akashuka kutoka ishirini hadi moja mbele ya macho yangu, na hakuna mteja sokoni Markiti aliyewahi kushushwa hivyo akasema ahsante. Yeye alisema.

Siku yenyewe ilikuwa Juni, jua la baada ya mvua, mwanga mzuri kupita wote wa mwaka ule. Bwana Mutua alikuwa amekwama Feri akitokea Likoni, kwa hivyo tulikuwa wawili. Mimi nilitarajia atachagua wazuri: chozi wenye rangi za mafuta, mdiria wa buluu. Alitandaza mkeka, akapanga ndege wote chini, akakaa katikati yao akiwatoa mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nani apande mtumbwi. Wazuri aliwarudisha. “Hawa mtu atawapenda popote, watapigwa picha na wengine.” Alibakisha wa kijivu, wa hudhurungi, vindege ambavyo ukiviona uani huinui kichwa. “Huyu sijamsikia tangu mwanangu Rukia azaliwe. Huyu alikuwa Mbaraki, sasa hayupo. Huyu... huyu hapana.” Akamrudisha, akamtoa tena, akamrudisha. Ilimchukua saa nzima kupata kumi na moja. Kwa nafasi ya kumi na mbili alishika wawili, kila mkono mmoja, mmoja wao mdiria aliyefifia, akashindwa kuchagua. Mimi nikiwa nimeinama kwenye kamera, nikitaka kumsaidia, nikasema, “Mchukue mdiria, Bi Maimuna. Huyo si ndiye aliyegonga kioo cha benki?”

Aliinua macho akanitazama. Nilidhani anafikiri. “Ndiye,” akasema mwishowe. Akamweka kwenye kitambaa cheusi kwa mikono miwili. Nikapiga mgongo, tumbo, ubavu. Alinimiminia kahawa, akanipa, akabaki amekishika kikombe baada ya mimi kukishika, tukawa tumekishika wote wawili. “Mwanangu, una la kuniambia?” Nikasema, “Tuharakishe, mwanga wapungua.” Mwanga ulikuwa haujapungua. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Agosti walikuja wadudu. Unyevu wa chini ya ngazi uliwaita, na vidonge vyeupe havikutosha. Nilimkuta asubuhi moja ameshika shore wa Idi, nilipomnyanyulia upande mmoja manyoya yakabaki kitambaani na kichwa mkononi mwake. Alifagia. Alifagia kila siku mwezi ule, kwa ufagio mdogo wa makuti, na alichokifagia alikitia katika mfuko wa unga, hakukitupa. Alikuwa bado anatupikia. Sahani nne. Septemba ilipokwisha nilikuwa nimefikisha vitu elfu tatu na themanini na viwili kwa hesabu yangu, elfu tatu na sabini kwa hesabu ya ofisi. Bwana Mutua alinipa mkono ngazini. Kamera ikaondoka, mimi nikaondoka, kamati ikaifunga nyumba. Makombe yalitiwa katika makatoni yakapelekwa ghalani, nami nimeyatembelea mara mbili: yapo, yanang'aa, hayakupungua hata moja. Picha zake zote elfu mbili mia nane na sabini zipo kwenye kompyuta, na kazini kwangu naweza kuona zimetazamwa mara ngapi. Sitaandika idadi. Inatosha kusema kwamba nyingi nimezitazama mimi.

Nimepanda vyeo Nairobi kwa miaka kumi na tisa nikiamua kipi kipigwe picha kwanza. Vijana huniuliza kanuni, nami huwapa karatasi, iliyopigwa muhuri. Kila Idi nilimpigia simu Bi Maimuna, akaniuliza hali ya baridi ya huko, nikamuuliza hali ya miguu yake. Habari ya daftari hatukuigusa. Nilijiambia hajui. Mtu anaweza kuishi vizuri sana kwa neno hilo.

Alhamisi ile, wageni walipopungua, bintiye Rukia alinijia, akaniita ukumbini. Nilimwacha ana miaka minane, sasa ana watoto. “Pole kwa safari, Kaka Athmani. Umekula?” Nikamwambia nimekula. Akasimama tu, kama anayengoja. Nikatazama viatu, nikatazama turubali, nikasema nililojua nimekuja kusema. “Rukia, lile daftari jekundu la mamako. Bado lipo?” Akavuta pumzi. “Lipo. Mama alisema usipewe mpaka uulize mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilidhani utauliza Idi hiyo hiyo.” Akaingia ndani akarudi nalo, limefungwa kwa kanga, akaniachia mezani akaenda kuwatazama watoto.

Nikalifungua upande wake. Mistari yote ilikuwepo, chozi wa Makadara, pugi wa Kizingo, wino umegeuka kahawia. Ukurasa wa mwisho, chini ya namba mia mbili na kumi na mbili, alikuwa amepiga mstari, akaandika tarehe ya siku ile ya Juni, na chini yake: Wote wamehesabiwa na Athmani, mpiga picha, mara mbili, naye anajua kila mmoja alikotoka. Kumi na wawili wamepigwa. Mia mbili wanangoja.

Nilitoa simu. Ukumbi ulikuwa na mwanga mbaya, nikalisogeza daftari mlangoni, nikafuta meza kwa mkono kama nilivyokuwa nikifuta shuka Tononoka. Nikapiga ukurasa wa kwanza, ule wa kulia, ule wa kunguru, kisha wa pili. Mpaka maghribi nilikuwa nimemaliza. Rukia akapita akauliza picha zimefika ngapi. Nikamwambia sikuzihesabu.